Kamba Mbili za Mzee Mashimba

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, familia inawaomba muisikilize historia hii hadi mwisho, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe mbele ya watu.

Marehemu Mashimba Ndalahwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 huko Usagara, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1954, kisha akapelekwa kwa mjomba wake mhunzi kujifunza kufua majembe. Mwaka 1969 alihamia hapa Mabatini na kufungua karakana yake, tarehe 17 Agosti 1974 akafunga ndoa na Bernadeta, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akiwa Hellen, aliyezaliwa mwaka 1980. Mama Bernadeta alitangulia mbele ya haki mwaka 1996, na Hellen akaacha shule akiwa kidato cha pili ili amtunze baba yake.

Kuanzia mwaka 1992, wawindaji wa kitalii walipoanza kuwa wengi, walimfuata Mzee kuagiza visu vya kuwindia, naye hakumtengenezea mtu kisu kabla ya kumpima kiganja kwa kamba ya katani, akifunga fundo moja kwa upana wa kiganja na jingine kwa urefu wa kidole gumba, kisha akiitundika kamba kwenye msumari wenye jina la mteja. Chuma kilitoka kwenye springi za malori, na vipini vya mpingo vilichongwa na mwanafunzi wake Okech, kijana wa Shirati aliyefika mwaka huohuo.

Hellen alivukuta moto na kupiga msasa kila siku, lakini kila mteja alipokuja Mzee alimwonyesha Okech na kusema, "Mkono wa huyu unasikia mti," na maneno hayo yalimkwama Hellen kama mwiba wa samaki, kwani yeye ndiye aliyekuwa damu yake.

Septemba 1997 mwindaji mmoja, mtu wa mwili mkubwa, aliagiza visu viwili, chake na cha mfuata nyayo wake Shimba, ambaye vidole vyake ni vyembamba kama vya mtoto, na siku Mzee alipokwenda msibani Usagara, Hellen alizibadilisha kamba hizo mbili kwenye misumari. Okech alichonga vipini kwa kamba hizo, visu vikarudishwa, Shimba akicheka, "Fundi, mimi niliagiza kisu, umenipa mpini wa jembe," na Mzee akamwambia Okech mbele ya wateja, "Miaka mitano kwangu, bado hujui kusoma kamba?" Okech alijibu tu, "Samahani, Mzee," akavua aproni yake, akaenda Pasiansi kunoa visu vya kuchunia minofu ya sangara, na tangu siku ile hakuna fundi aliyemwagiza tena kipini.

Januari 1998 Mzee alianza kuugua kifua, akalazwa tarehe 3 Februari, na huko wodini Hellen alimwungamia. Mzee akasema, "Nilijua siku ileile, mwanangu. Mafundo niliyafunga mimi, nisiyatambue? Lakini watu walishaanza kusimama mlangoni kwangu wakiuliza, Okech yupo? Alipoondoka, niliona nafuu."

Akaomba uzi wa bandeji, akafunga mafundo mawili ya kiganja cha Okech kwa kukumbuka tu, maana mwalimu humpa mwanafunzi aliyehitimu kisu kilichopimwa kwa kiganja cha mwanafunzi huyo, na yeye alikuwa hajampa. Hellen alimshikia ncha ya uzi, na ukweli usemwe, hata saa ile alitamani kiganja kile kingekuwa chake.

Mzee alifariki tarehe 14 Machi 1998 asubuhi. Kwa hiyo familia inatamka kwamba kosa la visu vile halikuwa la Okech, ambaye ameketi pale nyuma na watu wa Pasiansi, uzi wake tunao hapa mezani, na kisu chake atakifua Hellen, kipini atakichonga Okech mwenyewe apendavyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mabatini waliopika na kuchota maji, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo. Mzee Mashimba, pumzika kwa amani, kila kamba imerudi kwenye msumari wake.