Pengo la Pointi Arobaini

Nje ya shule moja ya kulipia pale Malaz, Riyadh, kando ya ukuta wenye kivuli, kuna kiti cha nyuma cha Suburban kisicho na gari. Hakuna anayejua nani alikifungua na kukipandisha juu ya matofali manne. Kuanzia saa tano na nusu hukaliwa na madereva Wakenya wanaosubiri watoto wa mabosi wao, na tangu mchujo uanze nyumbani mahali hapo pamepewa jina la Tume, maana hakuna kura inayohesabiwa Kenya ambayo haijahesabiwa kwanza hapo. Termosi ni ya Elkanah. Kahawa ni ya madam wake: nyepesi, ya manjano, iliki kuliko kahawa, inanywewa kwa vikombe visivyo na mkono ambavyo funda la pili likipita umebaki na harufu.

Alhamisi hiyo ya Aprili 2017 walikuwa wanne. Dalmas anaitwa Chanzo, kwa kuwa hasemi jambo bila kutaja chanzo chake. Absalom ni Asilimia. Ukimuuliza kama ameshiba atakujibu sabini. Elkanah ni Jaji. Aliwahi kuitwa mahakamani kama shahidi wa kesi ya mpaka wa shamba, akarudi na sauti ambayo mpaka leo haijamtoka. Wa nne ni Jackton, na huyo wamembandika Pengo. Si habari ya meno. Kila utafiti unaposomwa pale, wenzake huuliza nani anaongoza. Yeye huuliza jambo moja tu.

— Pengo ni ngapi?

— Ngoja nimalize kusoma, bana, alisema Dalmas. Kaunti ya Nakuru. Injinia sitini na nne. Daktari ishirini na nne. Hawajaamua, kumi na tatu.

Injinia na Daktari ndio waliobaki wakigombea tiketi ya urais ya muungano wao, na muungano ulikuwa ukipiga kura kaunti baada ya kaunti. Zamu ya Nakuru ilikuwa Jumamosi, keshokutwa.

Pointi arobaini. Jackton alihesabu mara mbili, akashusha pumzi taratibu, wenzake wasimwone. Ilikuwa namba ileile ya Jumatatu.

Mkewe, Susan, na watoto wao wawili, Ashley na Lewis, walikuwa wakiishi Karagita, Naivasha, ndani ya kaunti hiyo. Susan alikuwa akifunga maua kwenye shamba moja kando ya ziwa. Hawakuwa wenyeji pale, na mtaa mzima ulijua hivyo kwa majina yao tu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipolipuka, Jackton alimbeba Ashley mabegani, mtoto wa miaka miwili, wakalala wiki tatu kwenye uwanja wa polisi. Kule uwanjani mtu alikuwa na gazeti lenye matokeo ya kila sehemu. Jackton alilisoma mpaka likachanika, na humo akajitengenezea sheria yake: kura zilipokaribiana, watu walichomana; mmoja alipomwacha mwenzake mbali, watu walilala. Pengo likizidi ishirini, kaa. Likishuka chini ya kumi, hama.

Ndiyo maana Jumatatu alimwambia Susan wabaki. Kuhama si bure. Mwaka ule waliowahi kuondoka walirudi wakakuta wengine wamepika ndani ya vyumba vyao. Ukihama mapema umejitangaza, ukichelewa umekimbia. Shule zilikuwa zimefungwa na nyanya yao kule Ugunja, magharibi, aliwangoja watoto kwa mikono miwili, lakini arobaini ni arobaini.

Shida ni kwamba Tume haikuwa na imani na namba yoyote.

Elkanah ndiye aliyefungua kikao. Alitaka kujua watu wangapi waliulizwa. Dalmas akatafuta kwenye simu: mia sita na tatu.

— Sawa, alisema Elkanah. Mia sita nimewaelewa. Hao watatu ni akina nani?

— Ni watu tu, Jaji.

— Hakuna watu tu. Mia sita ni hesabu ya Mungu. Hao watatu ni wenye kampuni ya utafiti wenyewe. Walijipigia simu.

Absalom yeye alikuwa amejumlisha. Sitini na nne, ishirini na nne, kumi na tatu: mia na moja. Akainua kidole kimoja, akawaonyesha mmoja mmoja, kisha akauliza hiyo moja iliyozidi imetoka wapi na inaenda wapi. Dalmas alisema chanzo chake kilimweleza kwamba wakikata zile nusunusu za nyuma namba hupanda kidogo. Hoja hiyo haikupata hata mtu mmoja wa kuiunga mkono. Elkanah aliamua kwamba hiyo moja ni mbegu: kura ya kuibwa lazima kwanza ipandwe, watu waizoee machoni, ndipo ivunwe Jumamosi usiku.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimalizia.

— Na hao kumi na tatu ambao hawajaamua? aliuliza Absalom. Miezi minne wanaimbiwa, wanapewa tisheti, wanaletewa helikopta, bado hawajaamua. Mtu aliye hai huamua. Mimi nakwambia asilimia tisini ya hao ni marehemu.

— Marehemu anashikaje simu?

— Laini haizikwi, Chanzo.

Wakacheka, hata Jackton, ila kicheko chake kilikatika njiani. Kila nadharia iliyoongezwa ilikuwa ikimlia pointi. Dalmas aliposema kwamba waliopigiwa ni wenye umeme wa kuchaji simu tu, na wenye umeme wote ni wa Injinia, Jackton alitoa kumi kichwani. Elkanah aliposema wakubwa wa muungano walikaa hotelini wakagawana kaunti kama nyama ya mahari, akatoa kumi nyingine. Alikuwa amefika ishirini, mpakani kabisa, na basi la mwisho la kwenda magharibi ambalo lingemfaa Susan lilikuwa la kesho.

— Nyinyi mnaongea kama watu wasio na watoto, alisema.

— Pengo, ndugu yangu, mchelea mwana kulia hulia yeye, alimjibu Elkanah kwa upole, kana kwamba anampa dawa.

Methali haikuwa na kazi yoyote pale. Ilimchoma hivyohivyo.

Basi akaitoa kadi aliyokuwa ameificha wiki nzima. Susan alipigiwa. Ndiyo, na hao watafiti. Yumo ndani ya hao mia sita na tatu, mkewe wa ndoa, na wala si marehemu.

Tume ilisimama kidogo. Miaka yote waliyojadili tafiti, hakuna aliyewahi kumwona aliyeulizwa, wala aliyemjua aliyeulizwa. Dalmas alihamia karibu. Absalom alimjazia Jackton kikombe bila kuombwa. Wakamhoji: walimpigia lini, kwa lugha gani, mwanamume au mwanamke, walijua jina lake? Jackton alijibu yote. Ijumaa iliyopita, jioni. Kiswahili. Mwanamke, sauti nzuri. Jina hawakuuliza.

— Akasema nani? aliuliza Elkanah.

Jackton akatazama kikombe. Susan alikuwa mtu wa Daktari tangu Daktari awe diwani. Picha yake alikuwa ameibandika ndani ya mlango wa kabati.

— Alisema Injinia. Kuwachezea tu. Tulicheka sana kwa simu.

Elkanah alipiga paja, akasema huo ndio ushahidi aliokuwa akiutafuta: watu wanadanganya kwa starehe. Absalom akaanza kupiga hesabu ya asilimia ya wanaodanganya kwa starehe. Hapo ndipo kioo cha nyuma cha gari la Elkanah, kilichokuwa wazi vidole viwili, kiliposhuka mpaka nusu.

Ndani alikuwa Winfred, dada wa kazi wa nyumba ya Elkanah. Alikuwa na wiki tatu Riyadh na ikama yake, kile kibali cha kuishi, haijatoka. Kila mchana aliletwa ili aingie upande wa wasichana kumtoa binti mdogo, kwa kuwa dereva mwanamume haruhusiwi kuvuka lango lile. Siku zote hizo hakuwa amesema lolote zaidi ya salamu. Alisema yeye aliwahi kuifanya kazi hiyo Nairobi, baada ya kusoma takwimu chuoni: simu arobaini kwa siku, vipokea-sauti masikioni, orodha ya maswali mezani. Ile moja iliyozidi si kitu, alisema, Chanzo yuko sahihi, ni kukata desimali. Na hao watatu ni watu tu.

Dalmas alijinyoosha kama aliyepandishwa cheo.

— Lakini samahani, Baba Ashley. Siku hiyo walipompigia, mama alikuwa na nani?

Jackton hakuelewa. Winfred akaeleza kwamba chini kabisa ya fomu yake palikuwa na kisanduku cha kuweka alama: je, kuna mtu anayesikia? Usingeweza kumwona mtu, ungesikia tu. Redio ikizimwa ghafla. Sauti ikipanda, kama anayejibu watu wawili. Kulikuwa na sehemu ambazo wote walimjibu jina moja, haraka, kabla hajamaliza swali, na msimamizi akafurahi kwamba sehemu hiyo iko wazi kabisa. Yeye hakufurahi. Alianza kukosa usingizi, akaacha.

— Alikuwa na nani? alirudia, taratibu.

Elkanah alikohoa, akamgeukia Absalom, naye Absalom akatazama viatu vyake. Swali lilikaa pale kwenye kiti kama mtu wa tano. Jackton alikuwa ameoa miaka kumi na mitatu, alijua mkewe alitaka nani, alijua picha iko wapi, lakini siku ile alikuwa na nani hakujua. Pengo lake la arobaini alilitazama sasa upande wa pili. Kama Susan alitaja jina asilolitaka, wangapi wengine walilitaja? Na kwa nini pengo la mahali watu wanapoogopana lingekuwa dogo?

Alijaribu kupiga kwa IMO, ile ya mtandaoni, ikazunguka ikakataa. Akapiga kwa kadi ya simu za nje, dakika zinazoliwa kama njugu. Riyadh na Naivasha saa ni ileile. Ilikuwa ni wakati wa chakula cha mchana pale shambani. Hakuondoka kwenye kiti, wala wenzake hawakujifanya hawasikii.

— Mama Ashley. Uko na nani hapo?

— Niko kwa lanchi. Tuko wengi.

— Sogea kidogo.

Alisikia hatua zake, kisha maji ya bomba.

— Ile siku walikupigia, wa utafiti. Ulikuwa wapi?

Maji ya bomba yaliongezeka nguvu.

— Kwa basi la kampuni. Tulikuwa tumejaa. Wote walinyamaza wakanisikiliza.

— Uliniambia ulikuwa unawachezea.

— Ungefanya nini ukiwa huko, Baba Ashley?

Susan akaendelea, kwa sauti ya chini lakini isiyotetemeka. Watoto hawako Karagita. Aliwapandisha basi juzi Jumanne na binamu yake, jana wakalala Ugunja. Hakumwambia kwa sababu Jumatatu alimsikia jinsi alivyokuwa na raha na namba yake, na hakutaka aendeshe watoto wa watu akiwaza.

— Uliona nini? Arobaini ilikuwa bado arobaini.

— Mama wa mlango wa pili alikuja Jumatatu usiku kuchukua sufuria zake. Zimekaa kwangu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Hakuniangalia usoni. Ni mtu mzuri, Baba Ashley. Hakutaka zipotee pamoja na vyombo vyangu.

Jackton aliweka kikombe chini.

— Na wewe?

— Nilisema nitoke kesho baada ya shifti. Nikitoka leo msimamizi anaandika nimetoroka. Sasa unasemaje?

Kwa mazoea alitafuta namba. Ishirini, kumi, chochote. Hakuna iliyokuja.

— Toka leo. Usipitie nyumbani.

— Sawa, alisema Susan mara moja, kama aliyekuwa amengoja asikie tu kwa mtu mwingine. Nina kitambulisho na shuka hapa kwenye mkoba.

Simu ilikatika yenyewe, kadi imekwisha.

Kule langoni mlinzi alianza kuvuta mlango wa chuma, na sauti za watoto zikatoka kwanza, kabla yao. Elkanah aliinamisha termosi juu ya kikombe cha Jackton. Zilidondoka punje za iliki zilizochemka, basi. Hakuna aliyetoa nadharia. Winfred alishuka garini, akaweka abaya yake sawa, akaenda upande wa wasichana bila kugeuka.

— Sufuria ngapi? aliuliza Absalom hatimaye.

— Mbili.

Absalom alitikisa kichwa. Hakuigeuza kuwa asilimia.

Dalmas, ambaye mamake anaishi Molo, kaunti hiyohiyo ya Nakuru, kwenye plot ya kupanga, aliinuka akasogea mpaka mwisho wa ukuta, simu sikioni. Watoto walikuwa wakimpita kwa mbio, mikoba ikiwapiga migongoni, naye akiziba sikio la pili kwa kidole ili asikie vizuri.

— Mama, shikamoo. Hapana, siulizi habari za kura. Nauliza majirani. Kuna mtu amekuja kuchukua kitu chake?