Saa Iliyorudi Kutoka Mnadani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmeitikia kwa nguvu, asanteni, lakini msitarajie nguvu kama hiyo kutoka kwangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na sijawahi kushuhudia mbele ya watu. Wengine wakisimama hapa hulia mpaka wanashikwa mikono. Mimi nitasema tu mambo yalivyokwenda. Mahali pa kusema haleluya mtapaona wenyewe.

Wengi mnanijua. Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, nikapangiwa shule kule Wamagana, upande huu wa Nyeri, nikadhani nitafundisha kidogo kisha nihamishwe karibu na kwetu. Sikuhamishwa. Mke wangu, Mama Nekesa, yule amekaa kule nyuma karibu na mlango, alinifuata, tukajenga hapa, na leo watoto wetu wanaongea Kikuyu kuliko lugha ya nyanya yao.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na ugonjwa wa saa. Saa za mkono. Hapa kuna watu wana ugonjwa wa mashamba, wengine wa magari, na hatuwasemi. Mshahara ukiingia, walimu wenzangu walikimbilia nyama choma, mimi nilikimbilia kwa fundi wa saa. Nilizipanga kwenye droo ya kabati, juu ya kitambaa chekundu kilichobaki Mama Nekesa alipowashonea kwaya sare. Zote zilikuwa saa za zamani, zile za kutiwa ufunguo, isipokuwa moja ya plastiki, ya betri, yenye namba kubwa kama za kalenda, niliyoinunua soko la Karatina siku moja nilipoisahau saa yangu nyumbani. Kila asubuhi nilizitia ufunguo moja moja na kuzilinganisha mpaka zote ziseme kitu kimoja. Ndipo nikapiga magoti kuomba. Yaani kabla ya kumwamkia Mungu, nilikuwa nimeziamkia saa. Sikuona ubaya wowote.

Kisha macho ya Mama Nekesa yakaanza kuingia ukungu. Mwanzoni tulicheka. Asubuhi moja alimsalimia mtu aliyesimama langoni, akamuuliza habari ya watoto, akakasirika hajibiwi, kumbe ni gunia la makaa. Alicheka kuliko mimi. Lakini chai ikaanza kumwagika kando ya kikombe. Kuku wake, ambao aliwajua kila mmoja kwa rangi, akawa anawajua kwa sauti tu. Halafu nikagundua kwamba jioni akifungua Biblia, hageuzi ukurasa. Alikuwa anaishika tu, anasema aya alizozijua kwa moyo, ili nisijue.

Tulikwenda hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshaenda mbali na la kushoto linalifuata. Akasema atapasuliwa na ataona, lakini tusikae, kwa maana mtoto wa jicho akiachwa sana huwa mgumu kama kokwa, na kazi huwa ngumu pia. Bima ilikubali sehemu. Watoto wakatoa walichoweza. Kilichobaki kilikuwa juu yangu, na kila mtu nyumbani alijua kitatoka wapi. Hata kuku walijua. Mama Nekesa aliniangalia tu kwa yale macho yenye ukungu, kisha akaenda kuchambua maharagwe kwa vidole.

Nikaamua kuuza saa moja. Moja tu.

Ndugu zangu, mtu akiwaambia kwamba kuchagua ni rahisi, mwambieni aje kwangu. Jioni niliivuta ile droo nikaziangalia. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu baba, karani wa reli, aliyopewa siku ya kustaafu. Hiyo haikuwa ya kuzungumziwa kabisa. Ya pili niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na mtu hauzi ujana wake. Ya tatu nilipewa na mkulima wa ngano wa Timau ambaye nilimfundisha mwanawe hesabu mpaka akapita, na mwanafunzi huyo akirudi ataiulizia. Ya nne ilikuwa na mkanda wa chuma uliotengenezwa na fundi ambaye sasa hayupo duniani. Nilizunguka hivyo mpaka ya mwisho, kisha nikaanza tena kwa ya baba. Jioni iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Nilimwambia Mama Nekesa kwamba ninalifikiria jambo. Akasema fikiria, Baba Nekesa, kufikiria ni vizuri. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lilinisumbua.

Mwishowe nikapata jibu. Nikachukua ile ya plastiki.

Msicheke. Niliipeleka kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la saa hapa mjini Nyeri, ambaye baba yake pia alikuwa na duka hilo hilo, na anayeongea Kikuyu kunishinda mimi. Aliigeuza mara moja akairudisha juu ya kioo cha kaunta.

"Mwalimu," akasema, "hii hakuna kitu naweza kukupea. Hata betri yake inaisha, nikubadilishie bure. Wewe lete ile ya mzee wako."

Ile ya baba aliijua kwa sababu ndiye aliyeisafisha miaka yote. Niliona uchungu. Nikamwambia sitaki betri, nikaitia saa mfukoni nikatoka. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Nekesa kwamba biashara ya saa imekuwa mbaya siku hizi. Akaniambia pole.

Sasa ikaja Jumapili ya mavuno. Kwa wageni walio hapa, nieleze. Mavuno yetu, kila mtu huleta alichovuna, kabichi, ndizi, mayai, jogoo, vinawekwa pale mbele, na baada ya ibada vinapigwa mnada kwa ajili ya kazi ya kanisa. Mgeni akinunua kabichi huenda nayo nyumbani. Mtu wa hapa akinunua, mara nyingi anaiinua juu, kila mtu anaiona, kisha anasema irudishwe iuzwe tena. Kabichi moja hununuliwa na kurudishwa mpaka majani yake yanachoka. Mimi mtu wa Bungoma, miaka yote hiyo, sikuwahi kuielewa desturi hii. Niliona ni kulipia kitu ambacho hupati. Hesabu yake ilinikataa.

Mwaka huo baridi ilichoma viazi vyetu na sikuwa na cha kuleta. Kuja mikono mitupu ni aibu. Mfukoni mwa koti nikaigusa ile saa ya plastiki, nikaitia kwenye kikapu katikati ya mayai. Nasema kweli mbele ya Mungu, sikuitoa kwa imani. Niliitoa kwa sababu haikuwa na bei.

Mzee wa kanisa aliyekuwa anapiga mnada akaiinua. Watu wakacheka, maana wote wanajua ugonjwa wangu, wakasema leo Mwalimu ameachilia. Mwenye duka la mbolea akainunua, akaivaa, akaangalia mkono wake, akaivua, akasema irudi. Kijana wa bodaboda akainunua, akapiga picha nayo, akasema irudi. Kisha akainunua Shosho Wangechi, nyanya yetu sote hapa. Yule pale, anainamisha kichwa. Shosho ana ng'ombe mmoja, na maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo riziki yake, tunajua sote. Alifunguliwa ile saa akavalishwa. Akainyoosha mikono yote miwili mbele yake kama msichana anayejaribu bangili. Akaiweka sikioni. Nikasema moyoni, huyu hatairudisha, na ana haki.

Shosho akaivua. "Hii saa ni mzuri sana," akasema. "Lakini ng'ombe yangu inajua masaa kuliko mimi. Irudi."

Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nilimwangalia uso vizuri, nikitafuta mahali palipouma. Hapakuwepo. Alikuwa ametoa pesa za maziwa, akapata kitu, akakifurahia dakika moja, akakiachilia, na mikono yake ilikuwa miepesi kuliko yangu. Mimi niliyekuwa sijauza chochote, mabega yaliniuma kama mtu aliyebeba gunia la viazi kutoka Gakindu kwa miguu. Hapo ndipo Mungu alisema nami, ndugu zangu. Hakutumia ngurumo. Alitumia shosho na saa ya plastiki. Nilijua nimefungwa, na nilijua kamba iko wapi.

Mara ya mwisho, ile saa ilinunuliwa kutoka nyuma kabisa. Sauti niliijua. Alikuwa Mama Nekesa, na pesa zake za mayai. Alipopelekewa aliupapasa ule mkanda kwa kidole, akaitia kwenye kibeti chake, akakifunga. Mzee wa kanisa akamwuliza kama irudi. Akasema hapana, hii nimejua ni ya nani, hii inakwenda nyumbani.

Jioni hiyo niliitoa droo nzima kwenye kabati nikaiweka mezani mbele yake. Nikamwambia achague yeye. Nilimwambia wazi kwamba mimi nimeshindwa, kwamba kila nikiishika moja mkono wangu haufunguki. Akazichukua moja moja akaziweka sikioni, kama daktari anavyosikiliza kifua. Alichukua muda. Kisha akaniuliza ile ya baba inasema saa ngapi. Nikaangalia nikamwambia ni saa mbili na robo. Akauliza ya mshahara wa kwanza. Saa mbili na robo. Ya Timau je? Nikamwambia Mama Nekesa, zote zinasema saa mbili na robo, mimi mwenyewe ndiye nimezilinganisha.

"Basi, Baba Nekesa," akasema, "kama zote zinasema neno moja, saa ya kutuambia inatosha moja. Na hiyo tayari nimenunua."

Akafungua kibeti akanivalisha ile ya plastiki. Aliipapasa mara mbili kabla tundu la mkanda halijapatikana.

Bwana asifiwe! Nimesema sitapiga kelele, lakini hapo lazima. Majuma yote hayo nilikuwa nikijiuliza ni ipi nitauza, na swali lenyewe lilikuwa limepinda. Mwalimu wa hesabu, niambieni!

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kwanza. Sikuzitia ufunguo. Nilizifunga kwenye kile kitambaa chekundu, nikazipeleka zote kwa yule mzee wa duka. Hakusema, "Nilikuambia." Alizipanga kwenye kaunta taratibu, akaenda akafunga mlango ili asisumbuliwe, akanilipa vizuri. Ya baba ndiyo aliyoishika mwisho. Aliniuliza kwa Kikuyu kama nina hakika, nikamjibu kwa Kikuyu changu kibovu kwamba ninayo hakika. Iliniuma, sitadanganya madhabahuni. Ninampenda baba yangu. Lakini niliposhuka zile ngazi za duka niliisikia mikono yangu ikining'inia tu, haina kazi, nikakumbuka mikono ya Shosho Wangechi.

Mama Nekesa alipasuliwa jicho la kulia. Aliombewa hapa, na wengine mlikuja na uji na mikate, Mungu awakumbuke. Kesho yake nesi akaja kutoa bandeji. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda, nimeshika mkono wake, saa ya plastiki mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Bandeji ikatoka. Akapepesa. Hakuniangalia usoni kwanza, nasema ukweli. Aliangalia mkono wangu. Kisha akainua kichwa, akatazama mbali, juu ya mlango wa wodi, mahali palipokuwa na saa ya ukutani. Akarudi kwenye mkono wangu.

"Baba Nekesa," akasema, "saa yako iko nyuma."

Ilikuwa nyuma kweli. Ni ile betri niliyoikataa. Mimi, bingwa wa kulinganisha saa, nilikuwa nimeivaa siku zote hizo bila kujua, kwa sababu nyumbani hapakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo. Na mwanamke ambaye jana yake hakuweza kuona kikombe alikuwa ananisahihisha kutoka kitandani. Nilisema mwanzoni kwamba mimi si mtu wa machozi. Muulizeni yule nesi.

Jicho la pili lilifuata, na sasa anageuza kurasa. Kuku anawajua kwa rangi, na vumbi la juu ya kabati langu analijua pia, hiyo ndiyo sehemu ngumu ya ushuhuda huu. Ninamshukuru Mungu aliyenifungua mikono, ninawashukuru nyinyi, na Shosho, ukikubali nitakukamulia yule ng'ombe siku moja, usinicheke tu.

Ndugu yangu, dada yangu, sijui wewe una droo gani. Huenda ni kitu kizuri kabisa, ulichopewa na mtu unayempenda. Mungu hakichukii. Lakini kama ndani ya nyumba yako kuna mtu anamwaga chai kando ya kikombe, na wewe bado unachagua, njoo. Mkabidhi Yesu mikono hiyo kabla ya kumkabidhi kitu kingine. Atakayekuja mbele leo, nitasimama naye mimi mwenyewe.

Nilipewa dakika kumi na sijui kama zimeisha. Saa yangu mnaijua. Lakini Mama Nekesa, kule nyuma kabisa karibu na mlango, ananionyesha kwa kidole saa ya ukutani iliyo hapa juu ya kichwa changu. Anaiona kutoka kule. Basi nimemaliza.