Mitungi Miwili ya Wendelin

Benchi la Ottilia, muuza kahawa pale Mbamba Bay, ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kuziba pancha, na kila anayelikalia hujiona mtaalamu wa jambo fulani. Asubuhi hiyo lilijaa mapema. Mizani, ambaye kila msimu hupima kahawa ya wakulima kule Mbinga na haoni kitu bila kukadiria kilo zake, alikuwa kwenye pembe yake ya kawaida. Injinia, mwenye kibanda cha pancha, alikaa na spana mapajani. Mwisho wa benchi alikaa Dastan, mtu wa maneno machache hata akiwa na furaha. Katikati yao alikuwa Wendelin. Boti ilikuwa inawasubiri yeye na Dastan. Kazi yao ni kuzamia na kukamata mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaojificha kwenye mawe ya ziwa, kwa ajili ya tajiri mmoja anayewasafirisha wakiwa hai. Mitungi ya hewa ilikuwa miwili tu, wa kwake na wa Dastan, imesimama mchangani karibu na boti. Wendelin aliitazama, akaipa kisogo.

— Jamani nisaidieni, alisema. Ule mtungi siuwezi tena mgongoni.

— Huo mtungi una kilo ngapi? Mizani akawahi.

— Hebu mwache mtu aseme! Ottilia alimkatiza, akimmiminia kahawa ili anyamaze.

Mgongo wa Wendelin uliharibika zamani, kwa kupakia magunia ya kahawa kwenye malori. Hospitali walimwambia asibebe tena kitu kizito, na ni ziwa lililomwokoa, maana kule chini mwili ulikuwa mwepesi na maumivu yalimwachia. Ziwa ndilo lilikuwa mahali pekee alipojisikia mzima. Mpaka Ijumaa iliyopita.

— Nilikuwa chini kwenye mawe, akaeleza. Mtungi unanisukuma kwa juu, ule mkanda wa vyuma vya kunizamisha unanivuta kiuno, hapo katikati mgongo ukakaza. Miguu ikagoma. Nikalala kifudifudi kwenye mchanga, naona mapovu yangu yanapanda, mimi sipandi.

— Mungu wangu, alisema Ottilia.

— Baada ya hapo sijui. Nilizinduka nipo botini. Dastan ndiye aliyenitoa.

Dastan akanywa kahawa.

— Sasa sikia, alianza Mizani. Kosa lako ni kusimama wima kama askari. Mpakiaji wa gunia anainama. Uiname tangu nyumbani.

— Ainame mpaka lini? Injinia akacheka. Mtu mgonjwa huyo! Dawa ni kuacha mtungi kabisa. Nina pampu yangu ya kujazia matairi. Tunaiweka botini, tunamshushia mpira mrefu, anavuta hewa freshi kutoka juu.

— Ile pampu yako inayozimika kila ukikohoa? Mizani akauliza.

— Inazimika kidogo tu.

Wendelin alijiona chini kule, mpira mdomoni, pampu imezimika na Injinia yuko juu anatafuta spana.

— Afunge kwa mbele, alisema Ottilia. Nikiwa na mimba nilibeba mbele miezi yote na nikalima.

— Na mgongo haukuuma?

— Uliuma sana. Lakini nililima.

— Basi tuufunge mtungi kwenye boya uelee wenyewe, alisema Mizani, ambaye sasa alikuwa amepata moto. Yeye anauburuza kwa kamba kama mbuzi.

— Mbuzi akikwama kwenye mawe? Injinia akauliza.

— Anamfungua!

— Na pumzi anavutia wapi wakati anamfungua?

Watu wakacheka, Wendelin naye akacheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya vya wenzake. Kule ufukweni nahodha alikuwa ameanza kumwaga maji yaliyoingia botini.

Injinia akaitazama baiskeli moja iliyoegeshwa kibandani, ina dumu la maji huku na dumu huku. Akapiga paja.

— Aisee! Mbona tunajisumbua? Baiskeli haibebi mgongoni. Inabeba ubavuni! Mtungi mmoja kushoto, mmoja kulia, chini ya kwapa. Mgongo unabaki mtupu.

— Na uzito umegawanyika sawa, Mizani akakubali, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Tena havai nchi kavu, Injinia akaendelea. Anaingia majini mikono mitupu, nahodha anampa mmoja mmoja, anabana. Akitoka anatanguliza mitungi, yeye anapanda baadaye.

Wakamsimamisha Wendelin. Injinia akamfunga yale madumu mbavuni kwa vipande vya mpira wa tairi, Ottilia akiyashikilia kwa chini.

— Inama. Geuka. Vipi?

Wendelin akainama, akageuka. Mgongo haukusema kitu. Akageuka tena upande wa pili, na machozi yakamlenga kwa jinsi alivyofarijika. Alikuwa hajalala vizuri tangu Ijumaa.

— Hauumi, alisema. Jamani, hauumi!

— Nani injinia hapa? aliuliza Injinia, akiwageukia wote.

Ndipo alipofika mama mmoja na furushi la maharage kichwani, anatafuta lori la kurudi Kingerikiti. Aliitwa Rosina, na hakuna aliyemfahamu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Huyu baba vipi, baiskeli yake imeibiwa?

Wakamweleza wote kwa pamoja: mgongo, mbuna, Ijumaa, ile mitungi miwili pale, mmoja kushoto na mmoja kulia. Rosina alisikiliza hadi mwisho. Akaitazama mitungi, kisha akamtazama Dastan aliyekuwa amevaa kaptura ya kuzamia.

— Na huyu mwenzake atavuta hewa ya wapi?

Injinia akaanza kuihesabu mitungi kwa kidole, kama vile ingeongezeka. Wendelin akamgeukia Dastan akitegemea kumwona ameshtuka kama wao. Dastan hakuwa ameshtuka.

— Ulikuwa unajua, alisema Wendelin.

— Nilijua.

— Na umekaa kimya? Nishuke peke yangu?

— Naogopa kushuka na wewe, Wende. Ijumaa ulinikaba shingo. Ulining'oa mpira wa hewa mdomoni, nikanywa maji. Nilijua tunabaki kule wote wawili.

Wendelin alijaribu kukumbuka, akaona mchanga tu na yale mapovu. Akaitazama mikono yake, kisha akaitazama shingo ya Dastan, ambayo wiki nzima ilikuwa imefungwa kitambaa naye hakuuliza.

Kule ufukweni injini ya boti ikawaka, nahodha akawapungia mkono.

— Injinia, alisema Wendelin. Nifungue haya madumu. Leo sishuki.