Evode Hakorimana na Turbini ya Ntoto

Wapendwa wa Karuba, na ninyi muliotoka Ntoto, mimi Gatera, mudogo wake, njo jamaa imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu.

Evode Hakorimana alizaliwa hapa Karuba tarehe 9 Machi 1915, mutoto wa kwanza wa mufugaji Semana na Mama Nyirakamana, akasoma kwenye misioni mpaka 1931, akajifunza umakanika, na mwaka 1938 akapata kazi kwenye mugodi wa bati karibu na Ntoto, kulinda turbini, ile mashine inayozungushwa na maji ya muto. Mwaka 1940 alimuoa Athanasie Nyiransabimana, Mungu akawapa watoto wanne, wa kwanza wakamwita Semana, jina la babu yake.

Tarehe 14 Novemba 1942 mukaba unaopeleka nguvu kwenye mashine za mugodi ulikatika, turbini ikabaki bila muzigo, ikaanza kukimbia ovyo, mwenzake Honoré Karangwa akapanda kufunga mulango wa maji kwa mikono, akapiga kelele, "Evode, toka!", gurudumu likapasuka, likamuua, akamuacha muke wake Mukamurenzi na mimba.

Tangu siku ile kaka alitafuta regulatere, chombo cha kufungua na kufunga maji chenyewe, bila muntu kusimama pale. Ya kwanza, mwaka 1944, ilifunga mbio, ikafungua mbio, mashine ikayumba kama mulevi. Akaona ya kuwa mulango ukisogea kidogo wakati wa mvua, nguvu yake si ile ya kiangazi, basi akachonga chuma kilichopinda, ili kila kiasi cha maji kipate mwendo wake, akatia na mafuta ya kupunguza haraka. Mwaka 1949 walikata muzigo makusudi kwa kuijaribu, turbini ikapanda mbio, ikasita, ikatulia. Watu walipiga makofi, yeye akatoka inje kulia.

Hata aliporudi kukaa Karuba, 1956, mbali na mugodi, usiku aliisikia turbini ikipanda mbio. "Mama Semana, inakimbia." Muke wake alimujibu, "Papa Semana, iko upepo tu," naye akavaa viatu hata hivyo.

Januari 1959 alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Mukamurenzi akaja, akakaa karibu na kitanda, akamwambia, "Emérita, mutoto wa Honoré, anaolewa mwezi wa tano. Wewe njo utamusindikiza kwa bwana, pahali pa baba yake." Kaka alimutazama sana, akasema, "Nitakuja." Alifariki tarehe 3 Februari.

Tunashukuru daktari na masista, majirani waliomubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha kubebea mugonjwa, na wenzake wa mugodi. Mama Mukamurenzi, mwezi wa tano utatuona sisi ndugu za Evode mulangoni pako, kumusindikiza Emérita.

Kaka Evode, vua viatu, pumzika kwa amani.