Foleni ya Wasiopanga Foleni

Msusi alikuwa amelala begani kwa mumewe, treni ya mjini ikimbembeleza. Mume akamweleza mama aliyekaa mbele yao kwamba mkewe husimama saluni kutwa, basi likizo hii kamwahidi kuingia klabu maarufu bila foleni. Hoteli waliyofikia imeshawaandikisha kwenye orodha ya wageni wa klabu hiyo.

"Hongera, mwanangu. Hapo nafagia mimi," akasema mama. "Wenye orodha wana foleni yao, huzunguka jengo zima. Ya makabwela ni dakika kumi tu."

"Sasa orodha inasaidia nini, mama?"

"Heshima. Mnasimama juu ya zulia."

Treni ikasimama. Msusi akaamka, akanyoosha miguu yenye viatu vya mchuchumio. "Vinabana," akamwambia mumewe kwa furaha, "lakini leo ni vya kukaa navyo tu, hakuna kusimama."