Shangazi wa Kaunta na Mlio Usiopona

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Shangazi wa Kaunta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea pikipiki zinazoumwa, pamoja na wenyewe, ambao mara nyingi huumwa zaidi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo ya vipuri, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu dirisha langu linatazama mgongo wa kiti chake na yote aliyoyasema hapo nimeyasikia, nitake nisitake. Wameniomba niandike mambo ya furaha. Nitajitahidi, ila nasema mapema kwamba roho yangu haijatulia, yake pia haijatulia, na wote humu ndani tunajua sababu.

Aliingia hapa akiwa binti mwembamba, ameajiriwa kwa muda kumshikia nafasi karani aliyekwenda kujifungua. Karani hakurudi. Siku hizo kampuni ilikuwa chumba kimoja cha mauzo chenye pikipiki chache dirishani, na nyuma karakana ya mabati ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani. Leo tuna vigae, viti vya wageni na mashine ya maji baridi, lakini kaunta ni ile ile ya mbao, na upande wa kulia pamebonyea kidogo mahali alipozoea kuweka kiwiko. Hapo ndipo alipowalea watoto wake kwa simu: kula, oga, mwache mdogo wako.

Jina la Shangazi alipewa na wateja. Mtu alifokewa kwa kuchelewa kubadilisha oili, na kabla hajapata nafasi ya kununa, akaulizwa miguu ya mama yake inaendeleaje. Hata meneja wetu, bosi wake, humwita Shangazi. Akijisahau akamwita kwa cheo, hageuki.

Alikuwa na utaratibu wake. Pikipiki ikiletwa kwa ajili ya kelele, hakuuliza kelele inatoka wapi. Aliuliza inaliaje, kisha akaweka kalamu chini na kusubiri. Hapo mwenyewe hakuwa na ujanja, ilibidi alie kama pikipiki yake. Nimemwona mwalimu mkuu mwenye tai akifanya ti-ti-ti-ti mbele ya foleni nzima, na mama mmoja wa heshima zake akiunguruma hadi miwani ikamdondoka. Shangazi alisikiliza bila kucheka, akatembea hadi mlango wa karakana na kuwaigizia mafundi mlio ule ule. Bisibisi, fundi wetu mkuu, alijibu papo hapo, bila hata kuinua kichwa: cheni imelegea, au, hiyo ni beringi ya gurudumu la mbele. Tulivunjika mbavu kila siku, lakini pikipiki zilipona. Zikipona aliwapigia wenyewe simu na kusema neno moja tu, imepona. Hakuwahi kulisema kabla ya kuisikia pikipiki yenyewe ikiwashwa. Wateja walilijua hilo, na wapo walioomba ruhusa kazini mchana kweupe kwa kulisikia tu.

Kisha likaja toleo jipya. Nyekundu, tanki linang'aa, kiti kirefu cha kukaa watu wawili kwa raha. Zilitoka dirishani tukashindwa kujaza nafasi zake. Haukupita muda, wenyewe wakaanza kurudi, na wote walilia mlio mmoja: krii-ki, krii-ki, chini ya kiti, injini ikishapata moto. Shangazi akaupeleka mlangoni kama kawaida yake. Bisibisi akainua kichwa, akaomba aurudie. Hakuwahi kuomba hivyo.

Tulibadilisha cheni. Tulibadilisha beringi na shokapu. Nilifungua maboksi mpaka stoo ikabaki rafu tupu. Mlio ulitoweka pikipiki ikiwa karakana na kurudi ikifika barabara kuu, na wenyewe wakarudi nao, safari hii bila salamu. Hatukufua dafu. Watu waliojinyima miaka ili nao wapande kitu kipya walisimama kaunta na hasira ambayo haikumhusu Shangazi hata kidogo, na yeye akaipokea yote, kwa sababu meneja alikuwa na mlango wa kufunga na sisi tulikuwa na ukuta.

Kiwanda kilipoulizwa, kikajibu kwamba mlio ule ni kawaida ya toleo lile na hauna madhara. Kwenye kikao cha asubuhi tukaelekezwa kuwajibu wateja hivyo hivyo. Wengi wetu tulishusha pumzi, tusiseme uongo. Shangazi akachukua kalamu yake, akarudi kaunta.

Wa kwanza kuingia siku hiyo alikuwa muuza mikate. Yeye hufunga kasha la mikate nyuma ya kiti na kuzunguka nayo madukani, na mlio ule ulikuwa umegeuka honi yake. Wenye maduka walifungua milango kabla hajafika, watoto wa mtaani wakambandika jina la Kriki. Barabarani alilicheka, lakini pale kaunta alimweleza Shangazi kwamba anaogopa, siku moja chombo kitamharibikia mlimani akiwa na mikate ya watu. Shangazi akamwambia ni kawaida yake. Alisema huku akiitazama kalamu.

Muuza mikate uso ukamkunjuka. "Kama umesema wewe, Shangazi, basi leo nitalala usingizi."

Akavaa kofia yake ngumu, akaondoka. Angefoka, ingekuwa nafuu. Shangazi alikaa kama aliyemwagiwa maji, kisha akanyanyuka, akaiacha foleni imesimama na kutoka mbio hadi getini. Kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiikimbia kaunta. Pikipiki ilishapinda kona, tukabaki tunausikia mlio wake tu ukififia. Alirudi, akavaa kiatu, akainua simu, akapiga na kupiga tena mpaka ikapokelewa.

"Nisamehe, mwanangu. Ile si kawaida. Ugonjwa wake hatujaujua."

Alisema hivyo mbele ya foleni nzima, meneja akiwa amesimama nyuma yake. Aliitwa ofisini. Ya huko hatukuambiwa, na Shangazi si mtu wa kuyatoa ya ofisini nje. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa pale kaunta. Na ajabu, hasira zikapungua. Watu waliendelea kununa, lakini walinuna wamekaa, wanakunywa maji, na wengine wakaanza kutuletea habari za kutusaidia: ukibeba mtu mlio unazidi, mvua ikinyesha unanyamaza. Bisibisi alizifuata zote.

Shangazi alipaswa kustaafu zamani kidogo. Aliomba aongezewe muda, akasema wazi kwamba anataka kuwapigia watu wake simu moja tu, yenye neno lile. Uongozi ulimkubalia, na kwa hilo tunaushukuru kwa dhati. Meneja naye akakikalia kiwanda kooni mpaka zikaja bushi mpya, zile pete za mpira za kwenye maungio, na za kwanza tukazifunga kwenye pikipiki ya muuza mikate. Ikatoka getini kimya kabisa. Tulipiga makofi kama watoto. Bisibisi alimwambia Shangazi apige simu sasa hivi, naye mkono ulishafika kwenye simu, akaurudisha. Akasema tuipe wiki.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja tulikuwa tunafagia, na kabla muuza mikate hajatokea kwenye kona, tukamsikia. Bisibisi aliketi juu ya tairi akafuta mikono iliyokuwa safi tayari.

Kwa hiyo wiki yake ya mwisho Shangazi ameshinda kwenye simu, akiwaaga wenye pikipiki mmoja mmoja. Anawaambia haijapona, anawaambia anaondoka, anawasihi wasiache kuja. Mmoja amegoma kabisa kuagwa. Muuza mikate ameahidi kuleta mikate ya sherehe kwa pikipiki ile ile, hivyo wageni waalikwa msishtuke.

Shangazi, tulitaka uondoke umemaliza, na imetuuma. Ulisimama mbele yetu muda wote huo, nasi hatukukupa la kuwaambia watu. Asante kwa uvumilivu wako, kwa makofi ya mgongoni tulipokosea, na kwa kicheko cha kila siku. Kapumzike sasa. Kaa kwenye kiti kisichotazama mlango, cheza na wajukuu, na Mungu akujalie afya na siku nyingi za utulivu.

Namba yako tumeibandika ukutani juu ya kaunta. Pikipiki moja ya toleo lile imebaki karakana, na Bisibisi anaifungua kila akipata nafasi. Siku mlio utakapokwisha tutakupigia wewe kwanza, tutaiwasha karibu na simu uisikie kwa masikio yako, kisha wewe ndiye utakayewapigia watu wako. Neno lile hapa hakuna mwingine atakayelisema.