Baiskeli Iliyotengenezwa kwa Upendo

Nawasalimu nyote, mlioketi na nyinyi mliosimama hapo mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka kabla ya mchango. Ingieni, viti vipo. Mimi nitaongea nikiwa nimekaa, mnisamehe, mguu huu ukisimama sana unaanza kunikemea.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha majirani ameniambia nitoe ushuhuda. Nikamuuliza, ushuhuda wa mtu ambaye kesi yake haijaisha? Akasema, hivyo hivyo. Basi sitataja jina la mtu. Lakini ndugu zangu, wengine wenu mtajisikia ndani ya maneno yangu. Ukijisikia, usiinamishe kichwa. Kunywa chai yako.

Mnanijua. Nafua nguo kwa watu kule Karen, na naishi hapa Satellite, na nyinyi mmenicheka miaka yote mkiniita Mama Baiskeli. Mimi nilijifunza baiskeli nyumbani nikiwa msichana, nikibeba mahindi kwenda kusagwa posho mill, kwa hivyo nilipokuja Nairobi sikuona ajabu. Ajabu niliiona barabarani. Pembeni ambapo mtu angepita kwa miguu au kwa baiskeli, hapo kuna mama wa mboga, kuna magari yameegeshwa, kuna kokoto za mjenzi. Sasa wewe utapita wapi? Unashuka kwenye lami na magari, unajibana pale ukingoni, na unaomba.

Asubuhi hiyo nilikuwa najiendea zangu, hapo hapo ukingoni, hata simu sikuwa nimeshika. Nikasikia kitu kimenipiga kutoka nyuma. Sikuona gari. Nilikuja kuona anga, halafu nikaona matope, nikajua niko kwa mtaro. Mguu ulikuwa umeangalia upande wake wenyewe.

Mwenye gari alishuka. Kijana mzuri, shati limepigwa pasi, sitamsema vibaya kwa sura. Akaniinamia akasema, "Pole sana, mamangu, lakini mbona ulijitupa?"

Jamani! Nimelala kwa mtaro na tayari nimejitupa.

Watu walikusanyika. Wakanibeba, wakaibeba na baiskeli, wakaisukuma kando ili magari yapite, maana magari yalikuwa yanapiga honi kama ya arusi. Hakuna aliyepiga picha. Mimi nikapelekwa hospitali, na yeye akapelekwa na gari lake hadi stesheni ya polisi akaandikisha maneno yake. Nikiwa naingizwa chumba cha upasuaji, yeye tayari alikuwa ameshahadithia. Mimi sikujua kuna mashindano.

Sasa nije kwenu. Nililala hospitalini hadi nikazoea harufu. Nyinyi mlikuja. Mlileta uji, mlifua sare za watoto wangu, mtu mmoja hapa alikuja kila Jumapili akinisomea habari za mpira ambazo sizielewi. Na siku ya kurudi nyumbani, si mnajua tulivyo? Kwetu mgonjwa hakaribishwi na kitu kilichomwangusha. Nyumba inafagiliwa, shuka mpya, kila kilichovunjika kinatengenezwa au kinatupwa, asije akakiona moyo ukarudi nyuma. Nikafunguliwa mlango, nikaona mapazia mapya. Na pale ukutani, aki ya nani, baiskeli yangu, mliyoifuata kule barabarani! Imepakwa rangi ya buluu, gurudumu la nyuma jipya, keria mpya, kengele inalia. Mkaimba. Nikalia kwa furaha, na sidanganyi, ilikuwa furaha kabisa.

Nilipoweza kutembea kwa magongo nikaenda stesheni. Niliyemkuta ni afande mtu mzima, mpole, anaonekana hajalala vizuri. Nikamweleza nilikuwa ukingoni, nikagongwa kutoka nyuma. Akafungua kitabu chake, akasoma, akatingisha kichwa.

"Mama, hapa imeandikwa uliingia barabarani ghafla kutoka pembeni. Uko na shahidi?"

Shahidi nitamtoa wapi? Walionibeba ni wapita njia, walienda kazini.

"Basi baiskeli iko wapi? Kama uligongwa nyuma, gurudumu la nyuma litasema. Ilete."

Nikafurahi! Nikatuma iletwe. Ikaja inasukumwa, inang'aa, imekosa utepe tu kama zawadi. Afande akaizunguka. Akapiga kengele, ngrin ngrin. Akaniangalia kwa huruma mpaka nikatamani anitukane.

"Mama, hii haijagongwa na mtu."

Nikamwambia imetengenezwa. Akasema anaelewa, lakini yeye ataandika anachoona. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, nikilazimisha sana hiyo kesi naweza kushtakiwa mimi, kwa kuendesha bila kujali. Mimi! Mwenye vyuma mguuni! Gari lilipokaguliwa lilikutwa na mkwaruzo kidogo tu kwenye bampa, na mkwaruzo hauna mdomo.

Nilitoka pale nikakaa kwa ngazi za stesheni. Sikulia. Nilikuwa nimeishiwa. Ukimwambia mtu uligongwa na hakuna anayeweza kuandika hivyo, unaanza kujiuliza wewe mwenyewe, je, nilijitupa? Nilifika hapo, ndugu zangu. Usiku sikulala, mchana sikuongea. Na kwa sababu mmenipa nafasi niseme ukweli, nasema: niliwakasirikia. Mlikuja kunitembelea nikajifanya nimelala. Ningewaambiaje? Mtu amekupa gurudumu kwa mikono yake, utamwambia umeniua?

Lakini habari hutembea. Ikamfikia aliyeitengeneza. Ni fundi, yumo humu, na mimi nimesema sitataja. Alikuja asubuhi, hakukaa, chai alikataa. Akaniuliza, "Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Akavua kofia akaishika hivi. Akasema gurudumu la zamani aliliuza kwa watu wa vyuma vikuukuu, limeenda, halipatikani. Akasema, "Twende."

Tukaenda. Akasimama mbele ya afande yule yule. "Mimi ndiye nilitoa gurudumu. Lilikuwa limekunjwa kutoka nyuma. Keria ilikuwa imeingia ndani ya kiti. Madigadi pia."

Afande akakasirika sasa. "Kwa hivyo wewe ndiye uliharibu ushahidi? Unajua naweza kukuweka ndani?"

Fundi hakurudi nyuma. Ana familia. Akasema, "Niweke, afande. Lakini andika kwanza."

Afande akamwangalia, akaniangalia. Akachukua kalamu akaandika.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipopona. Kesi haijasonga, naambiwa subiri, na huenda nisubiri hadi nizeeke. Lakini maneno yangu sasa yameandikwa mahali, kwa sababu mtu mmoja alikubali kuingia matatani ili yaandikwe. Nilirudi nyumbani nikala ugali, mara ya kwanza kwa hamu.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano kule Uthiru, wa kukusanya maoni kuhusu sheria mpya ya watu wa miguu na wa baiskeli. Nilienda na magongo yangu, kwa mara ya mwisho, maana daktari ameniruhusu kuyaacha. Nikapewa dakika chache. Dada wa mezani akaniuliza, "Mama, unapendekeza nini?" Nikamwambia: aliye kwenye gari aulizwe kwanza. Mimi niliyelala kwa mtaro niulizwe baadaye, nikiamka. Na pembeni ya barabara pawe njia yetu, si soko na si maegesho. Akasema maoni yamepokelewa. Yalipokelewa wapi sijui.

Fundi wangu, asante. Nyote, asanteni kwa uji, kwa sare, kwa mapazia, hata kwa rangi ya buluu. Mkinipenda tena namna hiyo, kwanza pigeni picha. Mtu wetu akigongwa, msiguse kitu, msinyooshe kitu, tafuteni aliyeona muandike namba yake. Kisha mpendeni.

Jumatano kuna mkutano mwingine wa sheria hiyo, huko katikati ya jiji, na Jumatatu mimi narudi kazini kwa baiskeli, kwa barabara ile ile, maana nyingine hakuna. Naogopa. Nawaambia wazi, naogopa sana. Najua mtaniambia Mungu yuko pamoja nami, na yuko. Lakini Jumatano, tafadhalini, nataka na nyinyi muwepo.